Kitoweo na Mshahara Wake

Kiswahili kina methali mbili ambazo ni vigumu kuzipatanisha. Ya kwanza hunena kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ya pili hunena kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Ile ya kwanza humwacha mkosaji peke yake na maumivu yake. Hii ya pili huwaketisha jamaa zake wote kwenye sinia moja naye, watake wasitake. Nililelewa katika nyumba ya Kikristo mjini Kisumu, na katika mahubiri yote niliyoyasikia tangu utotoni juu ya dhambi na malipo yake, ni methali ya kwanza iliyopendwa. Ya pili sikumbuki kuisikia mimbarini hata siku moja, ilhali ndiyo inayosimuliwa na ziwa letu kila uchao.

Msomaji mpenzi, sikusudii kukufundisha teolojia. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi na kazi yangu ni maneno. Hata hivyo, dhambi nayo ni neno kabla ya kuwa jambo jingine lolote, na pana mahali ninapopafahamu ambapo neno hili limetwikwa mzigo usiokuwa wake. Mahali penyewe ni ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya: Dunga, Usoma, Asembo Bay, Luanda Kotieno, Kendu Bay, Mbita, Sori. Kamusi huuita ufuo. Ndugu zetu wa Mwanza huuita mwalo. Wajaluo wakongwe huuita wath, na sisi wa Kisumu, tuwe tumesoma au hatukusoma, huuita bichi. Nitaandika ufuo kwa heshima ya jarida hili, ingawa moyoni nasema bichi.

Nianze na samaki, maana bila samaki hakuna kisa. Omena, wale dagaa wadogo wa rangi ya fedha, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huelekeza taa majini (zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi ni taa za sola na betri) nao omena huifuata nuru hadi wakajikuta wavuni. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hivyo mashua hukaa nchi kavu hadi giza lirejee. Kila mwaka, kati ya Aprili na Julai, serikali huufunga uvuvi huo ili samaki wazaane. Siku nyinginezo, mashua zinaporudi alfajiri, wanawake huwa wamekwisha kujipanga majini hadi magotini, makarai na ndoo mikononi, wakiita majina ya wavuvi wanaowajua.

Wazee husimulia kwamba zamani ni mvuvi aliyemtafuta mnunuzi. Mambo yaligeuka hatua kwa hatua. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupindukia huku akiwameza samaki wa asili. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, malori ya barafu yakaanza kungoja ufuoni, na mnofu ukasafiri hadi Ulaya. Mwanamke aliyezoea kukaanga ngege akabakiziwa mifupa ya mbuta, ambayo kwa ucheshi wenye uchungu huitwa mgongo wazi. Katika miaka ya 1990 gugu maji likatanda kwenye Ghuba ya Winam na kuzifungia mashua nje. Wanawake wengi wakakimbilia omena, kwa kuwa omena hakuhitaji barafu wala lori: jua lilitosha kumkausha. Walipokimbilia huko wote kwa pamoja, makarai yakawa mengi kuliko samaki.

Hapo ndipo jaboya alipozaliwa. Kiambishi ja- katika Kijaluo hufanya kazi inayokaribiana na ya m- yetu ya ngeli ya watu, na neno lenyewe awali lilikuwa la biashara tu, yaani mteja. Leo limekuwa jina la mapatano ambayo mwanamke mnunuzi hufanya na mvuvi: yeye atakuwa wake, na mvuvi atahakikisha kwamba karai lake halirudi tupu. Mtu wa mbali hudhani kwamba mwanamke huyo hupewa samaki bure kwa malipo ya mwili. La hasha! Hulipa fedha taslimu kama wengine wote. Anachokinunua kwa mwili ni nafasi katika foleni. Jambo hili dogo halitajwi kwenye mahubiri, wala sidhani wahubiri wengi wanalijua.

Mimi nalijua kwa sababu ya shangazi yangu, ambaye kwetu huitwa Waya. Aliachwa mjane mwaka 2003 akiwa na watoto wanne, katika rasi ya Uyoma, na mwaka uliofuata akaanza kununua omena na kuwapeleka Kisumu katika soko la Kibuye. Siku kuu ya soko hilo ni Jumapili, kwa hivyo Mkristo mchuuzi hulazimika kila wiki kuchagua ibada ipi ahudhurie. Waya alichagua ya alfajiri kisha akauza omena hadi jioni kwa gorogoro. Baba yangu alipofariki, fedha za gorogoro hizo ndizo zilizonilipia karo ya shule ya upili kwa miaka minne. Naandika hili mapema ili msomaji ajue nimeketi upande gani wa sinia.

Wahubiri wetu huizungumzia dhambi kama asali. Shetani, husema, hampi mja shubiri. Humpa kitu kitamu, kisha baadaye bili huletwa. Picha hiyo ina ukweli wake kwa dhambi nyingi. Kwa mlevi ina ukweli. Kwa mla rushwa ina ukweli. Lakini nilipomwuliza Waya, nikiwa tayari mtu mzima na yeye akiwa amekubali kwamba ningeweza kuuliza, alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya leso.

“Utamu? Nyathina, utamu gani? Mtu ananuka omena na mimi nanuka omena.”

Akaeleza kwamba lililomvuta lilikuwa kujua. Mwanamke asiye na mtu wake kwenye mashua huamka saa tisa usiku, akatembea gizani, akasimama majini, na bado hajui kama saa moja asubuhi atakuwa na chochote. Mwenye mtu wake huamka saa tisa vilevile, hutembea vilevile, lakini anajua. Siku ambayo mashua inapata kidogo yeye ndiye wa kwanza. Siku asiyo na fedha atakopeshwa hadi arudi kutoka Kibuye. Kwa mtu mwenye watoto wanne na karo za watu wengine, kujua kesho kutakuwaje ni anasa kubwa kushinda mvinyo. Tangu mazungumzo hayo nimeamini kwamba kishawishi chenye nguvu zaidi katika maisha ya Mkristo maskini hakimwahidi raha. Humwahidi usalama. Tena hufanana mno na mambo mema, yaani bidii, uangalizi wa watoto, kutoaibika mbele ya mwenye duka, hata mtu akakikumbatia akidhani anatekeleza wajibu wake.

Upande wa pili wa mapatano hayo kuna mvuvi, na kwake asali ipo. Sisemi kwamba mvuvi ni tajiri. Wengi wao hawana mashua. Ni vibarua wa mwenye mashua, wanaogawana sehemu ya kilichovuliwa baada ya gharama za taa na petroli kuondolewa, na ziwa huwameza baadhi yao kila mwaka. Lakini saa ile ya alfajiri, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye nchi kavu hakuna amwitaye mzee, hutazamwa na wanawake thelathini wakingoja aseme neno. Hicho ni kilevi. Waya alisema wavulana wema kabisa, aliowajua tangu wakibatizwa, hubadilika ndani ya msimu mmoja.

Katika mwaka wa kwanza wa uzamili tulikuwa na kozi ya tafsiri, na mimi nikaandika karatasi kuhusu ile kauli mashuhuri ya Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, juu ya ujira ambao dhambi humlipa mtumishi wake. Tafsiri zetu hutumia mshahara. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na shina lake ni shahr, yaani mwezi: mshahara ni malipo ya kila mwezi. Niliposoma hayo nilifikiria ufuo, ambapo mapato hufuata mwezi kweli, siyo ule wa kalenda bali ule wa angani. Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo ni opsonion, ambalo lilikuwa hasa posho ya askari. Limeundwa kutokana na opson, yaani kitoweo, pamoja na kitenzi cha kununua. Na kwa Wagiriki kitoweo kilielekea mno kuwa samaki, hata kinyambuo chake, opsarion, ndicho Yohana anachowaitia wale samaki wawili wa mtoto aliyekuwa na mikate mitano, na tena samaki aliyekuwa juu ya makaa ufuoni mwa Tiberia, siku ambapo Yesu mfufuka aliwaalika wavuvi waliochoka waje wale.

Sitaki kulifanya hili liwe muujiza. Maneno husahau wazazi wao, na bila shaka Paulo alipoandika hakuwa akiwaza samaki. Ila mimi ni mtoto wa ziwani, na tangu hapo siwezi kuisikia kauli hiyo bila kumwona mwanamke akipokea kitoweo chake kutoka mkono ambao utamdai. Yohana, naye, ananionyesha ufuo mwingine ambapo samaki hutolewa na hakuna adaiwaye.

Mwaka 2012 wazee wa kanisa analosali Waya walimwita. Kanisa sitalitaja. Habari za yeye na mvuvi fulani zilikuwa zimewafikia, nao walimtaka asimame mbele ya ushirika Jumapili, aitaje dhambi yake kwa jina, aombe msamaha, ndipo arejeshwe kwenye Meza ya Bwana. Desturi hiyo ina asili inayoheshimika. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda uliingia Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliookoka walifundishwa kutembea nuruni, yaani kutoficha kitu mbele ya wenzao. Wapo waliopona kweli kwa njia hiyo, ndoa zikapona, fedha zilizoibwa zikarudishwa. Lakini nuru nayo yaweza kuelekezwa. Miongoni mwa waamsho wa Nyanza kulizuka mfarakano kati ya walioitwa Joremo, watu wa damu, na walioitwa Johera, watu wa upendo. Na mwaka 1957 Johera, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, walijitenga na Anglikana wakaunda Church of Christ in Africa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa swali hili: je, waliookoka wana haki ya kujiona kundi la pekee, na kuwahukumu wenzao kwa kipimo chao wenyewe?

Waya hakusimama. Hakukana pia. Aliwaambia wazee, nami nilikuwapo kwa kuwa nilimsindikiza, kwamba alikwisha kuungama kwa Mungu na angeendelea kuungama, maana hakuwa na hakika kwamba angeacha. “Nikisimama nitaitaja dhambi yangu,” akasema, “na bei ya omena ataitaja nani?” Wazee hawakuelewa, au walielewa. Yule mvuvi alikuwa mshirika wa kanisa lilo hilo. Hakuitwa, kwani alikuwa amehamia ufuo mwingine kuwafuata omena, na mwenye mashua aliyemwajiri, aliyeketi mstari wa pili kila Jumapili, hakuna aliyefikiri kwamba jambo hili linamhusu.

Waya akatengwa na Meza. Miezi michache baadaye ilifanyika harambee ya mabati ya kanisa. Majina ya waliochanga yalisomwa kwa sauti kufuatana na ukubwa wa mchango, na jina lake lilikuwa la tatu. Ushirika ulipiga makofi. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi kuliko yale mahojiano ya wazee. Mkono wake haukufaa kupokea mkate, lakini ulifaa kutoa mabati.

Wajaluo walikuwa na fasihi ya dhambi kabla ya misheni ya Maseno kuanzishwa mwaka 1906, na fasihi hiyo ilikuwa na jicho kali kuliko mahubiri niliyoyazoea. Kila mtoto wa ziwani amesimuliwa kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa pande za Gwassi. Siku moja alivuta wavu akadhani amepata samaki mkubwa, kumbe alikuwa ameopoa bikizee. Akamchukua kwake, na kutoka ziwani ikafuata mifugo isiyohesabika. Maskini akawa bwana wa boma na wake wengi. Kisha akaingiwa na kiburi na pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamtukana yule bikizee kwa asili yake, akimkumbusha kwamba yeye alimwokota majini. Bikizee akainuka, akaelekea ziwani, na ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wote wakamfuata hadi wakatoweka. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake ufuoni, akawa mti.

Nilipokisoma kisa hiki upya kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi simulizi, niligundua jambo ambalo bibi zetu hawakuona haja ya kulitamka. Katika kisa hiki mwenye wavu ndiye mkosaji. Mwanamke aliyetoka majini hakutoka na hila, wala hakumpoteza mtu. Alitoka na neema, na dhambi ilikuwa ni kumkumbusha kwamba yu chini ya rehema ya mvuvi. Ufuo ule ule, wavu ule ule. Mimbari imeichukua dhambi kutoka kwa mwenye wavu ikaiweka ndani ya karai.

Kuna pia Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay, ambalo watalii hulijia kwa ajili ya heroe. Jina lamaanisha Simbi iliyozama. Bikizee mwingine, mchovu na mwenye njaa, alifika kijijini watu wakiwa kwenye karamu ya pombe. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, naye akaambiwa aondoke kabla ya maafa. Usiku huo maji yalishuka, kijiji kikazama na wote waliomo, wakiwamo bila shaka watoto waliokuwa wamelala na wasiojua lolote kuhusu mgeni. Kisa hiki si mbali na kile cha Lutu, na nadhani ndiyo sababu wakristo wa kwanza wa Kendu Bay hawakupata taabu kumwelewa Musa. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tukivuka mpaka, kusini mwa ziwa hili hili, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari ya Kikatoliki, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa muda kwa madai ya kuwa chafu. Nimewahi kusikia ikifunzwa kama hadithi ya msichana aliyepotea. Usomaji huo ni wa kivivu. Rosa anaanza kuvunjika siku baba yake, Zakaria, mlevi, anapompiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali ule ndio unaomnyima ujuzi wa dunia ambao baadaye anaulipia kwa maisha yake. Na Kezilahabi haridhiki kumzika. Anawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu. Ni kana kwamba mwandishi, ambaye aliijua mimbari kwa ndani, alitaka kesi ile isikizwe upya mahali ambapo wazee wa kanisa si mahakimu. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili iliyoniogopesha hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa.

Naja sasa kwenye gharama, na hapa sina budi kutaja chira. Kwa Mjaluo, chira ni maradhi ya kukondeana yanayomfika mtu baada ya mwiko kuvunjwa, na si lazima aliyeuvunja ndiye anayeugua. Aweza kuwa mwanawe. Tiba yake ni manyasi, dawa za mitishamba, na utaratibu wa kuyarudisha mambo mahali pake. Majuto ya moyo hayaulizwi. Wamisionari waliichukia chira na sababu zao zinaeleweka. Ilifanya kosa kuwa kama mbegu inayoangukia popote, ilhali Injili yasema na kila mtu kwa jina lake. Lakini ugonjwa wa UKIMWI ulipofika, kisa cha kwanza nchini kikatambuliwa mwaka 1984, wengi ziwani waliutazama wakasema: hii ni chira. Walikosea kuhusu virusi. Hawakukosea kuhusu mkondo wake. Mke aliyebaki nyumbani bila kosa aliugua. Mtoto aliugua kabla hajajua kutenda kosa lolote. Serikali ilipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, tayari palikuwa na maboma ufuoni yenye bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati kimefutika.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima nchini walikuwa wakiishi na virusi. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Si jaboya pekee anayezieleza takwimu hizo, na ni dhuluma kumbebesha mchuuzi wa omena aibu ya kaunti nzima. Lakini wavuvi huhama kutoka ufuo hadi ufuo wakifuata samaki, na kila ufuo una foleni yake. Waya anaishi na virusi tangu 2009. Anameza dawa zake saa mbili usiku, kila usiku, na amenipa ruhusa ya kuliandika hili maadamu sitataja jina. Karo yangu ya kidato cha kwanza ililipwa mwaka uliofuata.

Nimewasilisha baadhi ya mawazo haya katika semina, na wenzangu walinikemea kwa upole. Mmoja alisema neno dhambi ni chombo cha wenye nguvu na mhakiki makini hana budi kulitupa. Tuseme umaskini, tuseme mfumo dume, tuseme uchumi wa ziwa. Naziheshimu istilahi hizo na ninazitumia. Lakini siwezi kulitupa lile neno jingine, kwa sababu mwenyewe hajalitupa. Waya hajawahi kuniambia kwamba hakutenda dhambi. Anasema alitenda, anaijua tarehe, na ana huzuni nayo ambayo nadharia yangu yoyote ingeitukana. Tukisema mfumo ndio uliotenda, tumemfanya yeye kuwa kama omena aliyefuata taa. Yeye ni mtu aliyechagua mahali pabaya pa kuchagulia. Nataka neno litakalompa heshima ya kuwa na dhamiri, na wakati huo huo limwite mwenye mashua asimame kutoka mstari wa pili. Katika Biblia neno hilo lipo. Amosi na Yakobo walilitumia kwa wapunjaji wa vipimo na wazuiaji wa ujira bila kuona haya. Ni huku kwetu ambako dhambi imenyweshwa maji hadi ikabaki jambo la chumbani.

Kule Nduru, katika Nyakach, wanawake walianza mwaka 2011 kupata mashua zao wenyewe kupitia mradi uliojitangaza waziwazi kuwa wa kukomesha ngono kwa samaki. Wakawa waajiri wa wavuvi na foleni ikageuka. Haikuwa njia rahisi: mashua huoza, nyavu huibwa, na mwaka 2020 ziwa lilifurika, likaimeza Nduru, nyumba na shughuli zake, watu wakahamia makambini. Simbi nyingine, ila safari hii maji yaliwafuata waliokuwa wakijaribu kutenda mema. Sina hadithi inayoweza kulieleza hilo.

Habari za Nduru zilifika Uyoma hata hivyo. Waya na wenzake saba walichanga kwa miaka mitatu katika chama chao, wakakopa kilichopungua, na Agosti 2023, uvuvi wa omena ulipofunguliwa, waliteremsha mashua majini. Wameiita Ng'wono, yaani rehema. Baadhi ya washirika walinung'unika kwamba jina hilo halifai kwa kikundi ambacho nusu ya wanachama wake wametengwa na Meza. Vibarua wanne wameajiriwa, na sharti la kwanza katika daftari la kikundi ni kwamba omena huuzwa kwa kufuata aliyetangulia kufika.

Waya bado huketi benchi la nyuma. Mchungaji mpya, kijana, alipoalikwa kuibariki mashua alisitasita wiki mbili, kisha akaja. Alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akaomba kwa ufupi, akashukuru, na akaondoka na gorogoro mbili za omena mbichi zilizofungwa kwenye gazeti.